Kamera Huko Hijazi: Nani Aliyetupigia Picha Zilizo Ukutani Mwetu?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na maneno haya, inua macho uangalie ukutani. Nyumba zetu za pwani, ziwe za Lamu au za Tanga, za Mombasa au za Ng'ambo kule Unguja, ni nadra kukosa picha ya Al-Kaaba. Pengine ni zulia dogo la mahameli. Pengine ni kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, tarehe zake zimekatwa kwa mkasi ikabaki picha peke yake. Pengine ni fremu iliyoletwa na marehemu babu aliporejea kuhiji, pamoja na tasbihi, tende na kidumu cha maji ya Zamzam. Picha hiyo imehudhuria posa, hitima na maulidi. Watoto wamezaliwa na kukua chini yake. Lakini waulize wenye nyumba ni nani aliyeipiga, alisimama wapi alipoipiga, na mwaka gani, utaona wanatazamana.

Sisi ni watu wa kuuliza asili ya vitu. Mlango ukiwa na nakshi nzuri twamtaja fundi aliyeuchonga, na hata akifa twaendelea kumtaja. Utenzi haujakamilika mpaka mtungaji ajitaje mwishoni na mji wake. Lakini picha twaichukua kama kivuli cha mti, kana kwamba imejianguka yenyewe ukutani. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Picha husema kama kitabu kinavyosema, na ikisema uongo husema bila ya kutikisa mdomo. Basi na tuzihakiki kama tunavyohakiki kasida na hotuba.

Najua wako watakaonikatiza hapa hapa waseme kwamba picha zenye roho zenyewe hazifai, iweje tena tuzihakiki? Mjadala huo ni mkubwa na wenyewe wana dalili zao. Shekhe Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliandika kuihalalisha picha ya kamera kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali anazuia kivuli cha kile alichokiumba Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wengine wakubwa, khasa wa upande wa Najdi, hawakuikubali hoja hiyo. Mwenye kujizuia na aheshimiwe. Lakini hata yeye, siku atakayotaka kwenda kuhiji, hana budi kukaa mbele ya kamera, kwani bila ya picha hakuna pasi, na bila ya pasi hakuna Arafa. Kamera imeshaingia katika ibada hii kupitia mlango wa serikali, tutake tusitake.

Tuanze na aliyetangulia. Mtu wa kwanza tunayemjua kuipiga picha Madina alikuwa Mwislamu, Mmisri, askari: Muhammad Sadiq Bey. Alisoma uhandisi Paris, na mwaka 1861 alitumwa kuipima njia itokayo bandari ya al-Wajh, ukingoni mwa Bahari ya Sham, mpaka Madina. Alichukua vyombo vya kupimia ardhi, na pamoja navyo akachukua kamera. Mwaka 1880 alikwenda tena Hijazi akiwa mshika fedha wa msafara wa Mahmal, ule uliokuwa ukitoka Misri na kiswa cha Al-Kaaba, na safari hiyo akaupiga Msikiti wa Makka na vitongoji vya hija.

Kijana wa leo aliyezoea simu hawezi kuijua taabu ya kazi ile. Kipande cha kioo kilipakwa dawa ya majimaji gizani ndani ya hema, kikatiwa kamerani kikiwa bado kibichi, kikapigwa picha, kikasafishwa mara moja kabla hakijakauka. Yote hayo katika muda wa dakika chache, na katika jua la Hijazi dawa haingoji. Upepo ukileta vumbi, kazi yote imeharibika. Kisha kioo chenyewe kikapakiwa juu ya ngamia, kikasafiri siku nyingi bila kuvunjika! Mtu hafanyi haya kwa kupitisha wakati.

Picha zake zina sifa moja ambayo naipenda na dosari moja ambayo sina budi kuitaja. Sifa yake ni uaminifu wa mpimaji. Anaonyesha ukuta ulipo, mnara ulipo, mlima ulipo, wala hatafuti maajabu. Hijazi yake haina waridi wala moshi wa udi, ni mahali penye kipimo. Dosari yake ni ile ile: anaona jiwe vizuri kuliko anavyomwona mtu. Sehemu ya lawama ni ya chombo chenyewe, kwani kamera za zamani zilihitaji kitu kitulie. Waliokaa au waliosimama safu kwa sala waliweza kuingia pichani, na mwenye kutembea akageuka ukungu. Kwa hiyo katika picha nyingi za kale Al-Kaaba huonekana kama imesimama peke yake katika uwanja mtupu. Usidanganyike, msomaji. Huenda uwanja ulikuwa na watu, ila walikuwa katika mwendo, na kamera haikuwa na uwezo wa kuwashuhudia.

Pale Sadiq Bey alipopiga sura za watu, walikuwa wakubwa walioketi kwa ridhaa yao, kama yule shekhe wa ukoo wa Shaibi mwenye ufunguo wa Al-Kaaba. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Kamera iliingia Hijazi mkononi mwa mtu aliyekwenda kuhiji, na walioipigiwa walijua kwamba wanapigwa.

Yaliyofuata ni khabari nyingine.

Mwezi wa Agosti 1884 alishuka Jidda mwanachuoni kijana wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, aliyezaliwa 1857. Alikaa Jidda miezi kadhaa, na mapema mwaka 1885 akaingia Makka kama Mwislamu, kwa jina la Abd al-Ghaffar. Kama kusilimu kwake kulikuwa kwa kweli au kwa hila, wenzetu wanabishana mpaka leo, na moyo wa mtu ni siri ya Mola wake. Mwezi wa Agosti 1885 alifukuzwa, hija ya mwaka huo ikiwa bado haijafika. Aliporudi kwao alitoa kitabu kikubwa juu ya Makka katika juzuu mbili, 1888 na 1889, na mikusanyo miwili ya picha, mmoja 1888 na wa pili 1889.

Sasa nakuomba usimame hapa kidogo. Alifukuzwa kabla ya hija. Basi picha za mahujaji wa Arafa na hema za Mina zilizomo katika mkusanyo wa 1889, nani aliyezipiga?

Alizipiga mtu wa Makka. Jina lake Sayyid Abd al-Ghaffar, tabibu, ambaye kwa ajabu ya Mungu ndilo jina lile lile alilojipa Mholanzi. Huyu tabibu alijifunza kazi ya kamera, na Snouck alipoondoka yeye alibaki akiendelea kupiga picha na kumpelekea Ulaya. Naye hakuwa mtu wa kuficha kazi yake. Chini ya picha zake aliandika kwa khati nzuri ya Kiarabu kwamba ni kazi ya Sayyid Abd al-Ghaffar, tabibu wa Makka. Picha zilipopigwa chapa Ulaya, khati ile ilifutwa. Kitabuni yalibaki maneno ya jumla tu, kwamba kuna tabibu wa Makka aliyefundishwa kazi hiyo na mwandishi. Kwa miaka mingi picha hizo zikaenda duniani kwa jina la Mholanzi. Ni katika miaka ya karibu tu ndipo watafiti walipozilinganisha nakala za asili zilizowekwa Leiden na zile za kitabuni, wakamrudishia mwenyewe jina lake.

Mtu anaweza kuniambia: jina ni kitu gani, na kazi imebaki? Huyo hajawahi kutungiwa kasida na mwingine akaisoma kama yake. Sisi ambao elimu yetu imejengwa juu ya isnadi, ambao hatupokei hadithi mpaka tujue nani kaipokea kwa nani, tungepaswa kuwa wa mwanzo kukasirika. Kufuta jina la mpokezi kwetu si jambo dogo la wachapaji, ni kuvunja mnyororo. Na tazama matokeo yake: kwa miaka karibu mia moja dunia iliamini kwamba Makka ya karne ile ilionwa kwa jicho la mgeni, kumbe sehemu kubwa ya kile kilichoonwa kilionwa na mwenyeji, aliyewatibu homa watu wale wale aliowapiga picha.

Na ukizitazama ukiwa umeshajua hivyo, picha zenyewe zinabadilika. Ile ya Msikiti Mtukufu iliyopigwa kutoka mahali pa juu, nyumba za mji zikiwa zimeuzunguka na ngome ya Ajyad imekaa kilimani, haionekani tena kama kazi ya mpelelezi aliyepanda juu kuchungulia. Naiona kama picha ya mtu aliyetazama mji wake kutoka darini, kama vile wewe unavyoweza kupanda darini kwako ukautazama mji wa mawe, ukajua nyumba hii ya fulani na ile ya fulani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Snouck naye alikuwa na jicho. Pale Jidda, katika uwanja wa ubalozi wa Kiholanzi, aliwapanga mahujaji akawapiga, wengi wao wakiwa watu wa visiwa vya Hindi ya Mashariki vilivyokuwa chini ya Uholanzi. Nyuso zile ni za ajabu. Wamechoka na bahari, wamevaa nguo zao za kwao, wanaitazama kamera bila tabasamu, kwani wakati ule hapakuwa na desturi ya kuichekea. Bila ya picha hizo tusingewaona. Lakini soma kilichoandikwa chini yake. Utasoma mahujaji wa mji fulani, wa kisiwa fulani, wa kabila fulani. Jina la mtu hata mmoja halimo. Wamesimamishwa mbele ya ukuta kama vielelezo vya duka la vitambaa: hiki cha hapa, hiki cha pale. Serikali ya Kiholanzi ilikuwa ikiiogopa hija, ikidhani kwamba kila hujaji hurudi na fitina kifuani, na baadaye Snouck huyu huyu akawa mshauri wake huko Hindi ya Mashariki, katika siku za vita vya Aceh. Kamera ya ubalozini ilikuwa na kazi zaidi ya kumbukumbu.

Iko picha nyingine katika kundi hilo ambayo sipendi kuipita. Ni ya mfanyabiashara mkubwa wa Makka pamoja na mtumwa wake wa Kicherkesi. Wengi huitazama kwa ajili ya mavazi. Mimi nasema msomaji wa pwani aitazame kwa sababu nyingine, kwani sisi pia tuna albamu za namna hiyo, zenye bwana katikati na mtu mwingine pembeni ambaye jina lake limesahauliwa kwa makusudi. Picha haikuona haya kuonyesha. Aibu, kama ipo, ni ya anayeitazama na kujifanya haoni.

Karibu miaka mia baadaye akaja mtu wa kwetu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943 na kijana wa Dar es Salaam, alianzisha Dar es Salaam mwaka 1963 kampuni yake ya picha, Camerapix. Ulimwengu unamjua zaidi kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, zilizowatoa watu usingizini nchi nyingi. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Lakini katika nyumba za Waislamu yafaa akumbukwe pia kwa kitabu chake cha picha za hija, Pilgrimage to Mecca, kilichotoka London mwaka 1978.

Kilipotoka kitabu hicho, picha za rangi za hija zilizopigwa na bingwa wa kazi, tena Mwislamu anayekijua anachokipiga, hazikuwa nyingi. Amin alikuwa mtu wa khabari, na mtu wa khabari ana tabia ya kutafuta mahali pa juu. Umati ndio ufundi wake. Ukikipekua hukutana na umati kabla hujakutana na mtu: weupe wa ihramu unaofunika bonde, duara la tawafu, hema kwa maelfu. Ni picha zenye nguvu, sikatai. Zinafanya kile ambacho vioo vya Sadiq Bey havikuweza, yaani kuonyesha mwendo. Hatimaye Al-Kaaba ilionekana kama inavyojulikana na kila aliyefika, kitu kimoja kilichotulia katikati ya mambo yote yanayozunguka.

Ila umati una khatari yake. Ukitazamwa kutoka mbali sana, watu hugeuka mchanga, na mwenye kutazama husifu wingi wa mchanga. Hija si wingi. Kila mmoja katika weupe ule alilipa madeni yake kabla ya kuondoka, akaomba radhi kwa jirani, akaacha wasia. Yuko aliyeuza ng'ombe. Yuko bibi aliyeweka shilingi ndani ya kopo miaka ishirini. Kamera ya juu haiwezi kuwasimulia hawa, na vitabu vya picha za hija vilivyofuata, vya kila nchi, vimeiga urefu wa Amin bila ya kuwa na jicho lake. Kila kimoja kina ukurasa ule ule wa bonde jeupe. Nadhani wapiga picha wamekuwa wavivu.

Juu ya hayo, kitabu cha mwaka 1978 kimepata thamani nyingine ambayo mwenyewe huenda hakuikusudia. Hema za Mina za siku hizo zilikuwa za kitambaa. Mwaka 1997 moto ukazikumba ukaua watu zaidi ya 300, na tangu hapo zikajengwa za namna isiyoshika moto. Nguzo za Jamarati nazo mwaka 2004 ziligeuzwa kuta ndefu. Aliyehiji zamani na aliyehiji jana hawakurusha vijiwe mahali penye sura moja, na wakikaa barazani kusimuliana, kila mmoja humwona mwenziwe kama anasahau.

Tuteremke sasa pwani, Jidda, kwani hapo sisi si wageni. Mji wa kale wa Jidda, unaoitwa al-Balad, umejengwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini na kufungwa kwa chokaa, na kwa miti iliyokuja kwa majahazi. Ungetiwa kitambaa machoni ukapelekwa ndani ya nyumba moja ya pale, ukapapasa ukuta, ungedhani uko Shela au Mkunazini. Tofauti ni ghorofa zake nyingi na yale madirisha makubwa ya mbao yanayotoka nje ya ukuta, wao huyaita rawashini, ambamo wake wa nyumba hukaa wakapata upepo na kuona njia bila ya kuonekana. Ukuta wa mji ulibomolewa 1947. Wenye nyumba wakahamia mitaa mipya, na nyumba zao zikakaliwa na watu wa mbali wenye kipato kidogo. Mwaka 2014 mji ukaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, kama Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

Na kama kwetu, wapiga picha wakamiminika. Hapa ndipo niliponuia kufika, kwa sababu ugonjwa huu tunaujua. Mpiga picha wa safari akifika mji wa mawe hupenda vitu vitatu: plasta iliyobanduka, mlango uliofungwa, na mwanamke mwenye buibui anayepita. Hukaa pembeni ya kichochoro kama mvuvi na mshipi wake, akamngojea. Mwanamke anakwenda zake kununua mchicha. Pwaa! Keshakuwa siri ya Mashariki. Hakuulizwa jina wala ruhusa. Akigeuza uso, ndiyo bora zaidi, kwani sasa picha ina utamu wa kilichokatazwa. Na sheria ile ya dirisha, iliyojengwa kwa mbao na mafundi kwa mamia ya miaka, kwamba aliye ndani aone na aliye nje asione, huvunjwa na mtu mwenye tiketi ya siku tatu.

Picha za Jidda za namna hii zina dosari ya pili. Zinaipenda nyumba inapooza na kumchukia anayekaa ndani yake. Rawashini lililovunjika hupigwa kwa mapenzi. Nguo za kibarua zilizoanikwa juu yake hukatwa pembeni ili zisiharibu uzuri. Mpiga picha anataka mji uliokufa vizuri. Nyumba ya Nasif, ile kubwa mashuhuri iliyokamilika 1881, ambamo Mfalme Abdulaziz alikaa alipoingia Jidda mwaka 1925, imepigwa mara nyingi mno na mti wake mbele ya mlango, na mara chache sana utaona katika picha hizo mtu anayeuza kitu, mtoto anayecheza, au mzee anayelala kivulini. Nami nauliza: ikiwa picha ya mji wetu wa mawe ingetoka hivyo, tukaondolewa sote tukaachiwa milango, tungesema tumepigwa picha au tumeibiwa?

Kuhusu simu sitasema mengi, maana khatibu wa kila msikiti keshasema. Mwaka 2017 wenye mamlaka ya Misikiti Miwili walitangaza kukataza upigaji wa picha ndani yake. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona mtu akiipa mgongo Al-Kaaba ili aionyeshe uso wake. Lakini simu hiyo hiyo, mkononi mwa mwana mwema, imemwonyesha mama aliyelala kitandani Pemba, asiyeweza tena kunyanyuka, nyumba ya Mola wake kwa saa ile ile ambayo watu wanaizunguka, na yeye akasema "Labbaika" kwa sauti ya chini. Atakayeniambia picha zote hizi mbili ni kitu kimoja kwa kuwa zimetoka katika chombo kimoja, sitakubaliana naye.

Namalizia na mtu mmoja wa zama zetu. Ahmed Mater, Msaudia aliyezaliwa 1979, naye ni tabibu kwa masomo yake. Ndiyo, tabibu wa pili. Alikaa miaka kadhaa akiipiga Makka inavyobomolewa na kujengwa, na mwaka 2016 ikatoka kazi hiyo kama kitabu, Desert of Pharan. Humo hamna bonde jeupe la kila siku. Mna winchi, mna vibarua wa nchi za mbali, mna chumba cha hoteli ya fahari chenye dirisha linaloitazama Al-Kaaba kutoka juu. Chumba kile kimenikaa moyoni. Mpiga picha hakusema neno, hakulaani, hakusifu. Ameweka kochi na dirisha mahali pamoja akakuachia wewe. Pengine ni mkali mno. Mtu asiyejua Makka angemaliza kitabu chake akidhani kwamba pale hapasaliwi, na hilo nalo ni upungufu, kwani nyuma ya kila winchi yuko mtu aliyesujudu. Lakini ndiye aliyeniaminisha kwamba jicho la mwenyeji bado lipo.

Kazi yake nyingine ni ndogo na haina Makka hata kidogo. Ameweka sumaku nyeusi ya pembe nne katikati ya vumbi la chuma, na vumbi likaizunguka. Basi. Anayeitazama anajua mara moja ni nini, wala hakuna mtu aliyepigwa bila ruhusa yake.

Ngome ya Ajyad, iliyojengwa katika karne ya 18 na kuonekana kilimani katika picha ya Sayyid Abd al-Ghaffar, ilibomolewa mwaka 2002 pamoja na kilima chake. Mahali pale pana minara ya hoteli yenye saa kubwa, iliyokamilika 2012, na mnara wa saa una urefu wa mita 601. Kwa hiyo ikiwa kwenu mna picha ya zamani ya Msikiti Mtukufu, ya fremu au ya kalenda, itazame sehemu ya juu. Ukiiona ngome, picha hiyo imepigwa kabla ya mwaka 2002, nayo ni shahidi wa kitu ambacho wajukuu hawatakiona. Waulize wakubwa waliobaki nani aliyeileta, kwa meli gani au ndege gani, na mwaka gani. Kisha ifungue fremu yake uyaandike hayo nyuma, kwa penseli, maana wino hupenya karatasi na baada ya miaka hutokeza upande wa pili.